Kofia ya Shaba Shingoni mwa Mtamba

Ujinga nilioufanya niutaje kwanza, ili anayetaka kuacha kusoma aache mapema. Nilichukua kofia ya shaba ya injini ya baba, nikaining'inizia nati kwa ndani, nikaifunga kwenye shingo ya mtamba wetu kwa mkanda wangu wa shule, kisha nikaenda zangu darasani nimeshikilia suruali kwa mkono. Niliona ni utani wa maana sana. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Kofia yenyewe sikuichonga mimi. Ningekuwa nimeichonga mimi isingefika shingoni mwa ng'ombe, ingelala kitandani kwangu na blanketi ningeiachia.

Kwetu ni Endagikot. Ubavuni mwa nyumba yetu kuna chumba ambacho zamani kilikuwa cha ndama. Ndama walihamishwa siku baba alipokuja na mashine yake ya kukereza, na nasikia walilia wiki nzima wakiugonga mlango kwa vichwa. Baba alikuwa fundi kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang. Karakana yao ilipofungwa, wenzake waliondoka na mabati, matairi na vitanda. Yeye aliondoka na mashine ya chuma yenye urefu wa kitanda cha mtoto, inayoshika kipande cha chuma kwa taya tatu na kukizungusha kwa kasi, huku kisu kigumu kikisogea pembeni na kukimenya kidogo kidogo mpaka kiwe duara kamili. Chuma kinatoka nyuzi nyuzi zilizojikunja kama nywele za mtu aliyetoka kusuka.

Mchana mashine hiyo inatulisha. Baba anachonga vipuri vya pampu na vya mashine za kusaga, na watu wanakuja hadi kutoka Nambis. Lakini jioni, na Jumamosi baada ya kazi, anachonga vitu visivyo na kazi. Alianza na plau la kulima bustani ya panya. Likafuata trekta la kukaa kiganjani, usukani wake unageuka kweli. Halafu kwenye simu akaona wazee wa nchi za mbali wanatengeneza injini ndogo za mvuke kwenye mabanda yao, wamevaa sweta kama yeye, na tangu siku ile akawa amepotea. Injini yake ina ukubwa wa kuku anayelalia mayai. Ina boila lake, ina pistoni ndogo kuliko kidole gumba changu, ina gurudumu.

Majirani wakipita wanachungulia.

"Inasaga?"

"Haisagi."

"Inavuta maji?"

"Haivuti."

"Sasa inafanya nini?"

"Inazunguka," baba anasema, kwa sauti ya mtu aliyejibu kila kitu.

Hapo wanamgeukia mama kwa macho ya pole.

Mama haingii mle ndani. Chai anaiweka kwenye kizingiti, anagonga mara moja kwa kijiko, anaondoka. Mlango wa jikoni kwetu bawaba yake ilikatika nikiwa darasa la tano, na mpaka leo mlango umeshikiliwa na kamba ya katani. Mama akiufungua huunyanyua kwanza kidogo, kama anayembeba mgonjwa. Hiyo bawaba baba angeichonga kabla chai haijapoa. Hajaichonga, na mama hajamwomba tena.

Mimi ndiye mtoto pekee niliyebaki nyumbani. Sisi ni wavulana watupu, na kaka zangu wote wameshaenda kutafuta maisha. Kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida mimi ndiye mrithi wa mashine. Lakini nilipokuwa kidato cha kwanza niliwaleta wenzangu wawili kuwaonyesha inavyofanya kazi, baba akiwa hayupo, na kwa kuwa sikuthubutu kugusa vyuma vyake nilitumia kiazi. Nilikibana kiazi kwenye taya tatu nikawasha. Kwanza kilitoka kizuri ajabu, ganda lote likaruka, kikawa mviringo mweupe kama mshumaa. Nikawa naeleza kama mwalimu. Kisha kikapasuka, nusu ikagonga dari na nusu ikampata mwenzangu kwenye jicho. Hayo yote baba angeyasamehe. Alichoshindwa kusamehe ni maji ya kiazi, ambayo yalikaa kwenye mashine hadi asubuhi na kuifanya ianze kushika kutu. Nilimkuta ameinama anaisugua kwa kitambaa chenye mafuta, polepole, kama anayemfuta mtoto uso. Hakunichapa. Alisema tu nisiiguse tena hadi atakaponiita.

Hajaniita.

Kulikuwa na kipande kimoja cha shaba ya njano kwenye rafu ya juu. Kilitoka kwenye koki kubwa ya maji ya kule mashambani, kizito, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na hakikuwa na mwenzake. Nilikijua tangu sijaanza shule. Baba alikuwa akikishusha, ananipa nikishike, ananiambia siku nitakayotulia nitakichonga mimi. Nilikua nikikitazama. Watoto wengine huahidiwa baiskeli, mimi niliahidiwa kutulia.

Ndipo akaja msichana mmoja.

Mama yake ni mganga wa zahanati, alihamishiwa kwetu kutoka Morogoro. Wanakaa nyumba za watumishi. Siku ya kwanza alikuja kuleta pampu ya baiskeli ya mama yake itengenezwe. Akasalimia shikamoo baba, kwa kupiga magoti kidogo, kitu ambacho watu wa Morogoro sijui walikitolea wapi. Akasimama mlangoni akitazama mashine inavyozunguka. Hakuuliza inasaga nini. Aliuliza kwa nini kisu kimeinuliwa sawa na katikati ya chuma na si juu yake. Baba akazima mashine. Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa zizi namwona. Alizima mashine, akafuta mikono, akamletea kigoda.

Mimi nimeishi na baba miaka yangu yote na sijawahi kuletewa kigoda.

Akawa anakuja kila Jumamosi, kisha na jioni za katikati ya wiki. Tuko naye kidato kimoja, ila yeye yuko mkondo wa wenye akili na mimi mkondo wa wenye sauti. Baba alimfundisha kanuni ya kwanza: kabla ya kuwasha, ufunguo unaokazia zile taya uutoe, uunyanyue, useme kwa sauti, "ufunguo mkononi." Ukiusahau pale mashine inaurusha kama risasi. Basi jioni nilikuwa nasikia ile sauti yake ya Kimorogoro kutoka ndani, "ufunguo mkononi," halafu mashine ikianza kunguruma, halafu baba anasema, "Vizuri, mwanangu."

Mwanangu! Nikiwa pale nje nachota mbolea.

Nilijaribu kila kitu. Nilipita mlangoni nikiimba. Nilimwigiza anavyosalimia, mbuzi wakanitazama vibaya. Siku moja nikamwambia kwamba akikaa sana na mashine ataota masharubu kama ya mzee. Hakuinua hata macho.

"Wewe hujawahi kukaa nayo," alisema, "na masharubu hayajaota pia. Shida ni nini?"

Baba alicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Vichekesho vyangu vyote vya miaka yote havijawahi kumfikia baba, na huyu wa mara moja tu kamfikia.

Kisha baba akashusha kile kipande cha shaba.

Injini ilihitaji kofia, ile sehemu ya juu ya boila ambako mvuke hukusanyika kabla ya kwenda kwenye pistoni. Baba alitaka iwe ya shaba, yenye umbo la mviringo juu na mdomo uliopanuka chini, tupu ndani, na tundu dogo kileleni la kupitisha bolti. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai niliyotumwa na mama. Nikamwona anakipangusa vumbi, anakiweka kwenye kiganja chake yule msichana, na kumwambia achukue muda wake, kwa sababu kikiharibika hakuna kingine. Hakunitazama. Sidhani alikumbuka. Niliiweka chai kwenye kizingiti, nikagonga mara moja kwa kijiko, nikaondoka. Nilipogeuka nikamwona mama kwenye mlango wa jikoni ananitazama, nikajua nimetembea kama yeye.

Ile kofia yule msichana aliichonga kwa wiki nyingi. Aliitoboa, akaipanua ndani kwa kisu chembamba, akaisugua kwa msasa halafu kwa majivu, mpaka ikawa inang'aa hata kwenye ukungu wetu wa asubuhi ambao hata jua haliushindi. Siku ilipokamilika baba aliipeleka hadi jikoni kumwonyesha mama. Mama aliitazama, akauliza kama inaweza kufunga mlango. Baba akarudi nayo.

Asubuhi ya pili yake ndipo nilipoingia karakanani kuchukua ndoo, nikaikuta juu ya meza kwenye kitambaa, imelazwa kama mtoto mchanga. Niliigonga kwa ukucha. Ikalia.

Ikalia vizuri mno. Na mimi nikiona kitu kina umbo la kengele, na kinalia kama kengele, akili yangu haina breki. Nilipitisha kamba kwenye tundu la juu, nikafunga nati upande wa ndani, nikaenda zizini. Kamba niliyotaka kuizungusha shingoni mwa mtamba ilikuwa fupi, kengele ya shule ilikuwa inakaribia, nikavua mkanda wangu. Mpango ulikuwa rahisi. Yule msichana angefika jioni, angeikosa kofia yake, angehangaika kidogo, kisha angesikia mlio kutoka zizini, na mimi ningekuwa juu ya ukuta nimekaa kama mfalme. Baba alikuwa ameshaondoka kwenda Nambis kutengeneza mashine ya watu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa ng'ombe mwenyewe.

Yule mtamba alikuwa ameahidiwa. Baba ana rafiki yake Balangdalalu, wa tangu enzi za ngano, na walikubaliana amchukue mtamba akamlee. Kwetu ukiwa na ng'ombe unampa rafiki mmoja akulelee. Maziwa anakunywa yeye, ndama mnaelewana, ng'ombe anabaki wako, na nyumba zenu mbili zinakuwa za ndugu hata kama kati yenu kuna safari ya siku nzima. Na kile anachokwenda nacho ng'ombe siku ya kwanza, iwe kamba au kengele, kinabaki na ng'ombe. Ukikidai, rafiki yako ataelewa kwamba umemdai ng'ombe, na atalala anajiuliza amekukosea nini.

Rafiki huyo alikuwa aje Jumamosi. Alikuja siku ileile, mchana, kwa sababu alipata lori lililokuwa linarudi tupu. Mama akamkaribisha, akampa chakula, akamtoa mtamba zizini. Mama huongea na ng'ombe kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, nami kwa Kiswahili, na ng'ombe ndio wanaopewa yale maneno laini. Akamsemesha, akamsindikiza hadi kwenye lori. Kengele aliiona. Alidhani baba ndiye aliyeifunga, na mambo ya karakana huwa haulizi.

Niliporudi, suruali mkononi, nikaenda moja kwa moja zizini na kukuta nafasi.

Yule msichana alikuwa tayari yuko ndani ya karakana, amepiga magoti sakafuni. Alikuwa anapekua takataka za chuma chini ya mashine kwa mikono, na vidole vyake viwili vilikuwa vinatoka damu. Nikamwambia atumie sumaku. Akasema sumaku haishiki shaba, na hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayetaka kulia. Nilikaa kwenye kizingiti. Nilikuwa na karanga mfukoni nikaanza kuzila, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Baba aliporudi jioni naye akatafuta. Rafu zote, masanduku yote. Mwisho akasimama wima, akamuuliza yule msichana, "Uliiweka wapi?"

Alimuuliza kwa ile sauti. Ile sauti naijua, ni yangu, nimeishi nayo, ni sauti aliyoitumia siku ya kiazi. Sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mtu mwingine. Na mimi nilifurahi. Ningeweza kuandika hapa kwamba niliumia, lakini nilifurahi, kama mtu aliyekuwa anasimama peke yake kwenye mvua halafu mwingine naye akalowa.

Akajibu kwamba aliiacha juu ya kitambaa. Akavaa sweta lake akaondoka, na kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata.

Nikajiambia nitasema kesho. Kila siku ina kesho yake, nikawa natumia hizo.

Na katika siku hizo nilipata nilichokitaka. Baba aliniita karakanani. Si kwa jina, ni "wewe njoo ushike taa." Nilishika taa. Nilisimama pale ambapo yule msichana husimama, nikaona kisu kinavyomenya chuma kwa karibu, nikasikia harufu ya mafuta ya moto ambayo kwa mbali ni uvundo na kwa karibu ni tamu. Nilinyamaza kabisa. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza nikiwa macho. Na baba alikuwa anachonga, anasimama, anatazama kile kigoda kitupu, anaendelea. Nilikuwa na nafasi yake, na taa yake, na bado kilichokuwa kinatazamwa ni kigoda.

Simu ililia Jumapili tukiwa tunakula. Ni rafiki wa Balangdalalu. Baba huweka sauti kubwa kwa sababu sikio moja liliharibiwa na matrekta, kwa hiyo tulisikia wote. Walisalimiana kwa urefu kama kawaida yao, habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za watoto. Kisha sauti ya rafiki ikabadilika.

"Mzee mwenzangu," alisema, "umeniheshimu. Mimi nimelea ng'ombe wa watu wengi. Mwenye kengele ya shaba ni huyu wa kwanza. Watu wa huku wanakuja kuisikiliza. Jana mzee mmoja amekaa mpaka akachelewa kwake."

Baba alikuwa na ugali mkononi, haukwenda mdomoni.

"Na mkanda wenyewe ni wa ngozi," rafiki aliendelea, "una chuma cha kufungia mbele, kama ule wa wanafunzi."

Baba akageuza macho taratibu kutoka kwenye simu hadi kiunoni kwangu. Sweta langu ni fupi. Suruali yangu ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, ndugu yake yule wa mlango wa jikoni.

Kungekuwa na namna ya kueleza. Angeweza kusema kuna makosa yametokea, naomba uirudishe kwa lori linalofuata. Niliona anafikiri. Nilimwona anaipima ile injini kwenye upande mmoja na ile sauti kwenye simu kwenye upande wa pili.

"Nafurahi imekupendeza," alisema.

"Fundi ni nani? Hii si ya dukani."

"Ni binti yangu."

"Sikujua una binti."

"Ninaye," baba alisema, na bado ananitazama mimi.

Nilisubiri fimbo, na Mungu anajua ningeipokea kwa mikono miwili. Hakukuwa na fimbo. Alimaliza kula, akanawa, akasema kesho niende nikamwambie mwenyewe. Mama alikusanya vyombo, na baadaye sana akasema, si kwangu wala kwa baba, kwamba siku ile alipoiona shingoni mwa ng'ombe alifurahi, alidhani hatimaye ile mashine imechonga kitu cha hapa nyumbani.

Kesho yake nilikwenda nyumba za watumishi. Mganga mwenyewe ndiye aliyefungua, nikamwamkia, akanitazama kama anayetafuta ninapoumwa. Akamwita binti yake. Tulisimama nje karibu na kamba ya nguo, nikamweleza yote, kwa haraka, nikitazama soksi zilizoanikwa.

Akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nachimba mavumbi ya chuma kwa vidole, na wewe umekaa pale unajua."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakula nini vile?"

"Karanga."

"Na hukunipa hata moja."

Ningekuwa na karanga ningempa zote.

"Inalia vizuri?" akauliza.

"Inalia. Kuna mzee amechelewa kwake kwa ajili yake."

Aligeuza uso, lakini nilimwona. Alikuwa amefurahi, na alikuwa anajitahidi asifurahi mbele yangu. Nikamwonea wivu upya, palepale kwenye soksi, katikati ya kuomba msamaha. Mimi kitu changu pekee kilichowahi kusikika ni kishindo cha kiazi kwenye dari.

Jioni alirudi karakanani. Baba alimwomba radhi, kwa maneno machache, akitazama tupa aliyoshika. Nami nilikuwa mlangoni nasikia. Kisha baba akasema shaba hakuna tena, kofia itabidi iwe ya chuma, na kuna ekseli ya gurudumu la plau la zamani inayoweza kufaa. Akamwonyesha.

"Baba," yule msichana alisema, "naomba aichonge yeye."

"Nani?"

Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu alichonga kiazi," baba alisema.

"Basi ana uzoefu. Mimi nitakaa hapa kwenye kigoda nimwangalie anavyoteseka."

Nilidhani baba atakataa. Alikuna kichwa, akamtazama, akanitazama, akanirushia kile chuma. Kwa hiyo ndivyo nilivyoitwa kwenye mashine ya baba yangu mwenyewe, kwa ombi la mgeni kutoka Morogoro, nikiwa na kamba ya katani kiunoni. Mkanda wa shule hatujanunua mwingine hadi leo. Mama anasema wa kwanza uko kazini.

Nilichonga. Chuma cha plau si shaba, kinalia kama kinachinjwa na kinatoa cheche. Kila nikitaka kuwasha yule msichana anakohoa, nami nanyanyua ule ufunguo na kusema "ufunguo mkononi." Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ya kasisi anayebariki. Akazima swichi ukutani, akaniambia niseme tena kama mtu anayetaka kubaki na macho yake. Nikasema. Nikizidisha kisu anasema, "Pole pole, si muwa." Nikifanya vizuri hasemi kitu, na nikaanza kujua kwamba kimya chake ndicho sifa, kwa sababu ni kimya cha baba, amekichukua hicho nacho, akijua au asijue.

Nilipomaliza, baba aliipima kofia yangu kwa venia, kipimio chake cha unene, akaigeuza, akapima tena. Ilikuwa nyeusi, nene, na kwa kweli ilikuwa na kilema.

"Imepinda," alisema.

Akaifunga hivyo hivyo juu ya boila.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kwa wingi, kwa kuwa mama alikuwa amesema kanisani kwamba leo itazunguka, na nadhani alisema ili imalizike. Injini iliwekwa nje juu ya meza. Mimi nilipewa kazi ya vijiti vya moto. Nikawa nachochea, nimepiga magoti, macho yamejaa moshi, mpaka maji yakaanza kunong'ona ndani ya boila. Kisha baba akasimama. Ile koki ndogo ya kufungulia mvuke ilikuwa mbele yake, na kila mtu alikuwa ametulia, na mimi nikaanza kuinuka, kwa sababu nilifikiri, sijui kwa nini nilifikiri.

"Fungua, mwanangu," akamwambia yule msichana.

Akafungua. Pistoni ikasukuma mara moja, ikasita, ikasukuma, na gurudumu likaanza kuzunguka, kwanza kwa uvivu, kisha kwa kasi hadi mikono yake ya chuma ikapotea machoni. Wakati huohuo kofia yangu, pale ilipopinda, ikaanza kuvujisha mvuke na kupiga mluzi, mluzi mwembamba mrefu kama wa mchunga mbuzi. Mbwa wakaitika. Watoto walianguka chini kwa kucheka. Mzee mmoja wa kanisa akauliza inasaga nini. Na baba, ambaye alikuwa amesimama kama askari, akaanza kutikisika mabega, halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mafuta na kubaki na uso mweusi.

Nilimfikia. Nilimfikia kwa mara ya kwanza, na kwa kitu nilichokikosea.

Watu walipotawanyika, baba alimshika yule msichana bega akamwambia, "Vizuri sana, mwanangu." Kisha akanipita mimi, akasimama, akasema bila kugeuka, "Kesho uje uinyooshe." Akaingia karakanani.

Unaweza kusema hapo nilipewa mashine. Ndivyo ilivyo, kesho yake nilikwenda, na mpaka sasa naenda. Lakini jioni ile mimi nilisikia tu hesabu: yeye vizuri, yeye sana, yeye mwanangu, yeye koki. Mimi kunyoosha. Nikaenda jikoni, nikaunyanyua mlango, nikakaa karibu na moto nikamwaga yote kwa mama, kuanzia kigoda hadi shaba, hadi binti ambaye hakuzaliwa, hadi koki. Niliongea sana. Mama alikuwa anasonga ugali, na hakuacha kusonga. Nilipokwisha maneno akaufunika, akafuta mikono kwenye kanga, akausogeza ule mlango wa kamba ili baridi isiingie.

"Mwanangu," alisema, "foleni ya kuionea wivu ile mashine nilianza kuipanga kabla hujazaliwa. Simama nyuma yangu, na usinisukume."